Dunia Iliyochepuka: Kusoma na Kuhakiki Hadithi za Ulimwengu Mbadala

Mwezi Agosti 1903, katika mji wa Basel nchini Uswisi, wajumbe wa Mkutano wa Sita wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, walipiga kura juu ya ardhi ambayo karibu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa juu wa Uasin Gishu, pale ulipo mji wa Eldoret leo. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa tayari kuwapa Wayahudi makao huko. Mpango ukaitwa wa Uganda kwa sababu eneo hilo lilikuwa limehamishwa kutoka Uganda kwenda himaya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja tu kabla. Kura 295 zilikubali tume ipelekwe kukagua, 178 zikakataa. Tume ilifika uwandani mwanzoni mwa 1905, taarifa yake haikuwaridhisha wajumbe, na mkutano wa saba, uliofanyika mwaka huohuo, ukalitupilia mbali wazo zima. Mwaka 1908 wakaingia Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya maksai, wakagawiwa mashamba, na shamba namba 64 likazaa mji ambao watu wa zamani bado wanauita Sisibo, yaani "sixty-four".

Katika riwaya ya Lavie Tidhar iitwayo Unholy Land, iliyotoka 2018, mambo hayakwenda hivyo. Wayahudi walikuja. Wakajenga nchi iitwayo Palestina kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wakajenga Ararat City, na sasa serikali yao inasimamisha ukuta mrefu wa kuzuia wakimbizi wa Kiafrika. Lior Tirosh, mwandishi wa vitabu vya bei rahisi ambaye hata baba yake hajivunii naye, anarudi nyumbani. Rafiki yake wa utotoni anauawa, yeye mwenyewe anashukiwa, na polepole tunagundua kwamba dunia hii siyo pekee. Ziko nyingine zinazopakana nayo, na wapo watu wanaozijua njia za kupitia.

Mpe kitabu hicho msomaji wa Eldoret na msomaji wa Haifa, Israeli, kisha waulize kama ni kizuri. Yawezekana kabisa wote wawili wakaanza kwa kusema kwamba jambo hilo lisingewezekana. Mmoja atasema Wanandi wasingekubali. Mwingine atasema Wayahudi wa Urusi wasingekubali, na kweli katika mkutano wa 1903 wengi wao walitoka ukumbini kwa hasira. Hizo ni hoja za historia, tena ni hoja nzuri, ila bado hazijaigusa riwaya. Hadithi ya namna hii haidai kwamba jambo fulani lingetokea. Inaomba ruhusa ya jambo moja, halafu inataka ihukumiwe kwa yale yanayofuata. Anayeikatalia ruhusa hiyo amefanana na mtoto anayekatiza ngano ya sungura na fisi kwa kusema wanyama hawasemi. Amesema kweli, lakini hatasikia hadithi.

Swali ambalo mimi hulitanguliza ni jingine: mwandishi ameshikilia nini, na ameachia nini? Hakuna anayeibadilisha dunia yote kwa mkupuo mmoja, maana msomaji atakosa pa kukanyaga. Lazima kitu fulani kibaki kama tunavyokijua ili kilichobadilika kionekane. Na kile kinachobaki ndicho mwandishi anachokiamini kuwa hakitikisiki hata mambo yakienda vingine. Hoja ya kitabu imejificha hapo, hata kama mwenyewe hajaitamka. Makosa mengi katika uhakiki wa hadithi hizi yanatokana na kukipima kitabu kilichowashikilia watu kwa sheria za kitabu kilichoishikilia dunia, au kinyume chake.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe zinazofanana nazo lakini si zenyewe. Kusadikika ya Shaaban Robert na Walenisi ya Katama Mkangi ni nchi za kubuni. Ya kwanza inasema mengi kuhusu Tanganyika ya wakoloni, ya pili kuhusu Kenya ya baada ya uhuru, lakini hazikuchepuka kutoka Tanganyika wala Kenya. Huwezi kuonyesha siku kwenye kalenda ukasema hapa ndipo njia zilipoachana. Zisome kama istiara na zitakulipa. Hadithi ya ulimwengu mbadala inahitaji dunia mbili, ile iliyo ukurasani na ile iliyo kichwani mwa msomaji, na utamu wake uko katika kuzilinganisha. Asiyeijua ile ya pili anasoma nusu ya kitabu.

Siku njia zilipoachana

Tawi kongwe la hadithi hizi ni historia mbadala. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mwanahistoria Mroma Titus Livius alisimama katikati ya simulizi yake, kitabu cha tisa, akauliza ingekuwaje kama Alexander Mkuu angegeukia magharibi na kuishambulia Roma. Jibu lake, kama unavyotarajia kwa Mroma, ni kwamba Alexander angeshindwa. Sababu anazozitoa ndizo zenye thamani. Alexander alikuwa mtu mmoja, ilhali Roma ilikuwa na majemadari wengi waliopokezana, na dola inayoweza kumzika jemadari leo ikamsimamisha mwingine kesho ni ngumu kuliko dola ya mtu mmoja. Upendeleo wa kizalendo umo, hilo halifichiki. Lakini ndani yake mna nadharia kamili kuhusu kinachoiendesha historia.

Sasa linganisha na nadharia ya upande wa pili. Tarehe 15 Februari 1933, mjini Miami, Giuseppe Zangara alimfyatulia risasi Franklin Roosevelt, rais mteule wa Marekani. Alimkosa. Risasi zikawapata wengine, akiwemo meya wa Chicago, Anton Cermak, aliyefariki mwezi uliofuata. Katika The Man in the High Castle, riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1962, Zangara hakukosa. Bila Roosevelt, Marekani haikuinuka kutoka kwenye mdororo wa uchumi, haikujiandaa kwa vita, ikashindwa, na Ujerumani na Japani zikaigawana. Kwa Livius taasisi ndiyo nguzo. Kwa Dick bawaba yote ni mtu mmoja na bastola iliyolengwa vizuri kidogo kuliko ile ya kweli. Mhakiki anayeandika tu kwamba "Wajerumani wameshinda vita, kitabu kinasisimua" ameishia mlangoni. Kazi ni kusema ni nadharia ipi inayoendesha kitabu, kisha kuonyesha kama kurasa zinaibeba au zinaiacha njiani.

Riwaya ya Dick ina mtego mwingine ambao wahakiki wenye haraka huukanyaga. Wahusika wake wanasoma kwa siri kitabu kilichopigwa marufuku, kinachosimulia dunia ambamo Ujerumani na Japani zilishindwa. Msomaji anafurahi, anadhani hiyo ndiyo dunia yetu inayochungulia dirishani. Siyo. Katika kitabu hicho cha ndani Uingereza na Marekani zinageuka mahasimu baada ya vita, na mengi hayafanani na tunayoyajua. Dick hakumruhusu msomaji akae kwenye kiti cha ukweli na kuwahurumia wengine. Ukiandika kwamba ndani ya riwaya hiyo kuna kitabu kinachosimulia historia halisi, umewaambia wasomaji wako kwamba hukukisoma vizuri.

Liko pia tatizo la vizazi. Njia zikiachana mwaka 1933, watu wazima wa mwaka huo wapo bado na mwandishi anaweza kuwatumia. Zikiachana mapema zaidi, hesabu inakuwa ngumu, kwa sababu wazazi hawakukutana, watoto hawakuzaliwa, na kila jina maarufu linalojitokeza miaka 300 baadaye linakuwa muujiza usioelezwa. Kim Stanley Robinson, katika The Years of Rice and Salt ya mwaka 2002, anaifanya tauni ya karne ya 14 iwaue karibu Wazungu wote, badala ya theluthi au nusu, halafu anaifuata dunia ya Waislamu, Wachina na Wahindi kwa karne kadhaa. Hakuna mtu unayemjua atakayezaliwa humo. Atamshikaje msomaji kwa vizazi vyote hivyo? Suluhisho lake ni kuwafanya wahusika wachache wafe na kuzaliwa upya tena na tena, wakibeba herufi ileile mwanzoni mwa majina yao. Wapo wanaoona hilo ni imani ya kidini iliyopachikwa ndani ya kitabu cha historia. Mimi naliona kama fundi aliyekutana na tatizo halisi akalitatua waziwazi mbele ya macho yetu, na ningemsifu kwa hilo hata pale sura za katikati zinapochosha, nazo zinachosha.

Turudi sasa Uasin Gishu. Njia panda ya Tidhar ni uamuzi wa watu ukumbini, kwa hiyo ameachia siasa na mahali. Alichoshikilia ni kizito zaidi. Anasema kwamba taifa la walowezi, popote litakapopandwa, litazaa mpaka, ukuta na mkimbizi nyuma ya ukuta. Ameihamisha nchi maelfu ya kilomita hadi kwenye nyasi za uwanda wa juu, na ugomvi umebaki kama ulivyo. Hoja hiyo ni kali na ina wapinzani wake, ila anayetaka kuipinga aipinge kama hoja. Kumkumbusha mwandishi kwamba kura ya 1905 ilikuwa hapana hakutoshi, kwa sababu kura hiyo anaijua. Ndiyo maana akaandika.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana cha kuongeza hapa ambacho mhakiki wa New York hana. Uwanda ule ulionekana mtupu machoni pa tume kwa sababu zenye historia yake. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wametawanywa na vita vya wao kwa wao katika karne ya 19, na Wanandi walikuwa wamepata nafasi ya malisho. Kisha Wanandi hao walipambana na Waingereza kwa takriban miaka kumi. Mkutano wa Basel ulilikataa wazo siku za mwisho za Julai 1905. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la amani. Kwa hiyo walowezi wa kwanza wa Palestina ya Tidhar wangefika wakati ambapo majeshi yalikuwa yanachoma vijiji na kuswaga ng'ombe. (Meinertzhagen huyohuyo baadaye alitumikia jeshi la Uingereza huko Palestina ya kweli, akawa mtetezi mkubwa wa Uzayuni. Mwandishi wa riwaya angelibuni jambo hilo, wahakiki tungesema amezidisha.) Upande mwingine, walowezi weupe waliokwisha kujishikiza kwenye himaya, Lord Delamere akiwa mbele, waliupinga mpango ule kwa kelele nyingi tangu 1903.

Ukiwa na habari hizo unaweza kuuliza maswali yanayotoka ndani ya kitabu chenyewe, kwa kuwa ni kitabu kilichoamua kukaa pale. Watu waliokuwepo kabla ya kura wana majina na siasa zao, au ni umati ulio upande wa pili wa ukuta? Mandhari ni ya Uasin Gishu, yenye baridi ya asubuhi na mvua za Aprili, au ni "Afrika" ya jumla yenye vumbi na simba? Nani anaongea, kwa lugha gani, na mwenye duka anamwitaje mteja wake? Maswali haya yana uzito kuliko ubishi wote wa kama lingewezekana.

Jicho hilohilo linafaa kwa Everfair ya Nisi Shawl, iliyotoka 2016, ambamo Wafabiani wa Uingereza, yaani wasoshalisti wa mageuzi ya taratibu, na wamisionari Weusi wa Marekani wananunua ardhi ya Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold II na kuanzisha nchi yao. Msomaji wa Kiswahili anaikumbuka Kongo ya mashariki kwa sauti nyingine, ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili na ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Leopold huyo. Kwa msomaji wa aina hiyo, swali la nani alikuwa na haki ya kuiuza ile ardhi lina wadai wengi mno.

Viti vilevile, waliokaa wengine

Kuna vitabu ambavyo havina siku njia zilipoachana, na kuitafuta ni kupoteza muda. Abdourahman Waberi wa Djibouti alichapisha mwaka 2006, kwa Kifaransa, riwaya ya Marekani ya Afrika, yaani shirikisho tajiri ambalo Wazungu wenye njaa wanalikimbilia kuomba hifadhi. Msichana aliyezaliwa Normandy na kulelewa na daktari wa Asmara anafunga safari ya kwenda kumtafuta mama yake kule kwenye ufukara wa Ufaransa. Waberi haelezi Afrika ilitajirikaje. Anayemdai maelezo hayo amekosea mlango. Kilichoshikiliwa ni mpangilio wenyewe wa nani yuko juu na nani yuko chini, pamoja na lugha ya magazeti na huruma yenye kiburi ya misaada. Walioachiwa ni watu, wakabadilishana viti.

Namna ya kukipima kitabu cha aina hii ni kuangalia kama mgeuzo bado unakuonyesha kitu ukiwa umefika katikati, au ulikwisha kazi yake ukurasa wa tatu. Mfano ninaoupenda umo katika Noughts & Crosses ya Malorie Blackman, ya mwaka 2001, ambamo Weusi ndio watawala na Weupe ndio wanaodharauliwa. Msichana mweupe amejeruhiwa, amebandikwa plasta, na plasta ni ya rangi ya kahawia nzito, kwa sababu hakuna za rangi nyingine. Jambo hilo dogo la duka la dawa linafanya kazi kuliko hotuba. Msomaji mweupe wa Uingereza, ambaye hajawahi kuiona rangi ya plasta yake mwenyewe, sasa anaiona.

Udhaifu wa mgeuzo ni kwamba unaweza kuugandisha udhalimu. Ukibadilisha waliokaa tu, viti ukaviacha kama vilivyo, unakaribia kusema kwamba viti haviepukiki na kwamba kinachobaki ni zamu. Sijui kama Waberi anaamini hivyo. Kejeli yake ni chungu mno kuweza kuwa imani. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza.

Watu walewale, mahali pengine

Tawi lenye wasomaji vijana wengi zaidi ni maandishi ya mashabiki. Humo hadithi mama ipo tayari, iwe ya kitabu, filamu, katuni au bendi ya muziki, na shabiki anawachukua wahusika na kuwaweka mahali pengine. Wachawi wanakuwa wanafunzi wa udaktari, maharamia wanauza kahawa. Hazina kubwa ya maandishi hayo mtandaoni, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 na mwaka 2019 ikapewa Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na njozi, ambayo riwaya ya Dick iliyotajwa hapo juu iliipata 1963. Wapo waliocheka. Wasingecheka kama wangekumbuka kwamba Abunuwasi wetu, mjanja wa ngano za pwani anayemfedhehesha sultani na matajiri, alianzia kwa mshairi wa kweli wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Mshairi yule angeshangaa sana kujikuta katika visa hivyo. Wahenga walimhamisha, wakamvalisha kanzu nyingine, wakabakiza ulimi wake mkali.

Sheria ya kuhakiki inageuka hapa. Katika historia mbadala dunia ni mhusika mkuu, na watu wanaweza kutoweka bila kitabu kuporomoka. Katika maandishi ya mashabiki mtu ndiye aliyeshikiliwa, kwa hiyo swali la kwanza ni kama bado ni yeye. Mpelelezi asiyelala, ukimfanya mwalimu wa hesabu wa shule ya bweni, bado atajua ni nani aliyetoroka usiku kwa kuangalia viatu. Ikiwa mwandishi amebakiza jina na rangi ya macho tu, huyo ni mtu mwingine aliyekodishwa jina. Kinyume chake, kumlaumu mwandishi kwa kuwa mkahawa wake hauonyeshi faida wala hasara ni kumpima kwa kipimo kisicho chake. Wasomaji wa tawi hili pia wanatenganisha hadithi inayochepuka kutoka tukio moja la hadithi mama na ile inayowahamisha watu moja kwa moja, na wako sawa. Ya kwanza inahukumiwa karibu kama historia mbadala.

Jambo moja la adabu. Riwaya iliyouzwa dukani imejitolea kukosolewa. Shabiki anayeandika bure, sura moja kila wiki, pengine akiwa bado shuleni, hakutoa mwaliko huo kwa kuchapisha tu. Wengi husema mapema kama wanataka kukosolewa. Asiposema, mwambie kilichokugusa na sababu yake, makosa yabaki kwako hadi utakapoulizwa.

Dunia sambamba, zile zinazopitika kwa mlango au ufa, sitakaa nazo sana. Waandishi hupenda kumtaja Hugh Everett, mwanafizikia aliyependekeza mwaka 1957 kwamba kila matokeo yanayowezekana hutokea, kila moja katika tawi lake. Fizikia ile ina watetezi wazito, ila kwa hadithi ni zawadi yenye sumu. Ikiwa kila uamuzi umefanywa mahali fulani, uamuzi wa mhusika huyu una uzito gani? Tazama bei ya kuvuka. Mhusika anayepita kutoka dunia hadi dunia bila kupoteza kitu atakuchosha kabla hujafika nusu. Tidhar, aliyechanganya tawi hili na historia mbadala, amelipisha bei hiyo katika kumbukumbu. Tirosh hana tena uhakika ni maisha yapi aliyaishi. Mchanganyiko huo utajwe wazi katika uhakiki, maana msomaji aliyefuata siasa za Uasin Gishu pekee anaweza kuhisi amehadaiwa nyufa zinapofunguka.

Kuhusu kutoboa siri, watu hubishana bure. Njia panda iliyochapishwa nyuma ya jalada si siri tena, na huwezi kuhakiki bila kuitaja. Njia panda ambayo mwandishi ameificha mpaka sura ya kumi usiiguse. Zungumzia dalili zake. Na dalili ndizo zinazomtofautisha fundi na mwanagenzi. Mwanagenzi atamfanya mtu amwambie mwenzake, wakinywa chai, "Kama unavyojua, ndugu yangu, tangu tuliposhindwa vita miaka kumi na mitano iliyopita…" Nani anaongea hivyo na ndugu yake? Dick hakuhitaji maneno hayo. Alimweka Mmarekani katika duka la San Francisco akiwauzia Wajapani matajiri vikorokoro vya Marekani ya zamani kama mapambo, akiinamisha kichwa na kuogopa kukosea adabu, na baadhi ya bidhaa ni za kughushi. Kushindwa kote kuko katika biashara hiyo.

Vitabu vingi vya aina hii hukwama mwishoni. Dunia imechepuka, sasa ifanywe nini? Katika The Plot Against America ya Philip Roth, iliyotoka 2004, rubani maarufu Charles Lindbergh anamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa 1940, na Marekani inakaa nje ya vita huku Wayahudi wake wakibanwa taratibu. Tunayaona yote kwa macho ya mtoto wa familia moja ya Newark. Oktoba 1942 Lindbergh anapaa na ndege yake, hapatikani tena. Novemba Roosevelt anarudi madarakani. Desemba Wajapani wanaishambulia Pearl Harbor, mwaka mmoja baada ya tarehe tunayoijua, na historia inarudi kwenye reli zake. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba mwandishi aliogopa dunia yake mwenyewe, na malalamiko yana msingi. Roth ameshikilia dola ya Marekani, anaamini inapinda na kurudi, lakini nguvu inayoirudisha ni ndege kupotea, jambo lisilotokana na chochote tulichosoma kabla.

Ila wanaosema kila kitu kimerudi mahali pake wamepita haraka kwenye sura ya mwisho. Mama wa Seldon, mtoto wa jirani, ameuawa katika ghasia huko Kentucky, ambako familia hiyo ilipelekwa na sera za serikali ya Lindbergh, na Seldon yatima analetwa kulala chumba kimoja na msimulizi ambaye hakuwahi kumpenda. Kalenda ya taifa imerekebishwa, ya nyumba hiyo haikurekebishwa. Kwa hiyo ningeandika kwamba kurasa za Ikulu katika riwaya hiyo ni dhaifu na kurasa za chumba cha watoto ni imara, na kwamba Roth, kwa kukusudia au bila kukusudia, aliiachia familia dunia aliyoogopa kuiachia nchi.